Uliza kwanza imetoka wapi: kuweka programu kwenye Linux za maabara zetu

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana wa kule nyuma, hamjambo. Nawashukuru walimu wa TEHAMA na mafundi mlioacha shughuli zenu kuja kukaa kwenye ukumbi huu wenye joto. Nimepewa muda wa kutosha, lakini naona sinia za vitafunwa zinaandaliwa pale mlangoni, na sitaki kugombana na njaa ya mtu.

Wengi wenu mmefika hapa kwa sababu moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inataka kichakataji kipya kiasi na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kompyuta nyingi za shule zetu zilikuja zikiwa zimeshatumika Ulaya. Ni mashine nzima, kibodi nzuri, kioo kizuri, ila mtihani huo hazifaulu. Basi mkaweka Linux, mfumo huru wa kuendesha kompyuta: wengine Mint, wengine Ubuntu, wengine Debian yenyewe. Hongereni. Mfumo unawaka, wanafunzi wanaandika, intaneti ipo ikiwepo. Swali mnaloniuliza kila mara ni hili: sasa nitaweka programu gani, na nitaziwekaje?

Mtu akitaka orodha ya programu mia moja bora ataipata popote. Mimi leo nataka tuzungumze juu ya mambo mawili ambayo fundi wa maabara lazima awe na jibu lake: programu hii imetoka wapi, na nitaifikishaje kwenye mashine thelathini bila kumaliza bando la shule.

Tuanze na la kwanza. Mazoea tuliyotoka nayo kwenye Windows ni kufungua kivinjari, kuandika jina la programu, kisha kubofya kitufe cha kijani kilicho kikubwa kuliko vyote. Mara nyingi kitufe hicho ni tangazo. Unapakua faili, unabofya Next, Next, Next, na jioni kivinjari chako kina mwambaa wa kutafutia usioujua na ukurasa wa kwanza wa kamari. Ni kama kununua dawa kwa mchuuzi anayepanda basi pale stendi: pengine ni dawa kweli, lakini tumbo likikuuma usiku huna pa kumrudia.

Kwenye Linux kazi hii ilifikiriwa upya zamani. Ian Murdock alitangaza mradi wa Debian Agosti 1993, na wazo lake lilikuwa kwamba watu wanaojulikana wachukue programu huru, waijenge, waipakie kwa utaratibu mmoja, kisha waiweke kwenye ghala moja ambalo kila mtu anachotea. Chombo cha kuchotea tunachokitumia leo, apt, kiliingia rasmi kwenye Debian 2.1 mwaka 1999. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ina pakeji, yaani programu na sehemu zake zilizofungwa tayari, karibu 70,000. Ubuntu imejengwa juu ya Debian, na Mint imejengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo ninyi nyote humu ndani mnachota kwenye ukoo mmoja. Kabla hujaenda kutafuta kitu mtandaoni, tafuta kwanza ghalani. Mara nyingi sana utakikuta.

Kuna duka lenye picha, mnalijua: Software Manager kwenye Mint, App Center kwenye Ubuntu. Mwanafunzi atumie hilo. Lakini wewe fundi, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Sisemi hivyo ili uonekane mtaalamu. Terminali inakueleza mambo ambayo duka linayaficha.

Tuchukue VLC, ya kuchezea video. Andika `sudo apt update`; hiyo sudo ndiyo inayoomba ruhusa ya msimamizi wa mashine. Amri hii haiweki chochote, inaleta tu orodha mpya ya vilivyomo ghalani. Itakuuliza nywila, na hapa kila darasa ninalolifundisha huwa na mtu anayenyoosha mkono: "Mwalimu, kibodi imekufa." Haijakufa. Mara nyingi nywila haionekani unapoiandika, hata nyota hakuna, ingawa Mint huonyesha nyota. Andika, bonyeza Enter.

Kisha andika `apt policy vlc`. Ukiondoka hapa na amri moja tu kichwani, naomba iwe hii. Itakuonyesha kama programu imeshawekwa, toleo lipi lipo tayari, na chini yake, mstari wenye anwani ya ghala inakotoka. Kwenye Mint 22 au Ubuntu 24.04 utaona anwani ya Ubuntu na maneno `noble/universe`. Noble ni jina la toleo, universe ni sehemu ya ghala inayotunzwa zaidi na jamii ya watumiaji. Ukiona anwani usiyoitambua, simama. Kuna mtu aliongeza repo, yaani ghala jingine, kwenye mashine hiyo, na una haki ya kujua ni nani na kwa nini.

Ukiridhika, `sudo apt install vlc`. Sasa msikimbilie kubonyeza Y. Someni. Kuna mstari unaosema itapakua megabaiti ngapi, na mwingine unaosema itachukua nafasi kiasi gani kwenye diski. Huo ndio unaokwambia ufanye sasa au usubiri bando la usiku. Na juu yake zaidi, mara chache, hutokea orodha ya pakeji zitakazoondolewa. Orodha hiyo isomeni kama mnavyosoma mkataba wa mkopo.

Novemba 2021, Mkanada mmoja maarufu wa video za kompyuta, Linus Sebastian, alikuwa anaijaribu Linux mbele ya kamera. Alitumia Pop!_OS, akataka kuweka Steam, programu ya michezo. Siku hizo pakeji ile ilikuwa na hitilafu ya vitegemezi, yaani pakeji nyingine inazozihitaji ili ifanye kazi. Apt ikamwambia kwamba ili iiweke Steam itaondoa pakeji za lazima, kukiwemo dawati lenyewe (desktop, yaani madirisha na menyu zote), na kwamba kama ana hakika aandike sentensi nzima kwa mkono: "Yes, do as I say!" Akaiandika. Mashine ilipowaka tena, dawati halikuwepo, skrini nyeusi tu. Watu walicheka sana mtandaoni. Mimi naona waliocheka walikosea, kwa sababu mtu aliyezoea kubofya Next miaka yote hajawahi kufundishwa kwamba maandishi yale huwa yanamaanisha kitu. Hitilafu ilirekebishwa, na apt yenyewe ikabadilishwa ili sentensi ile isitoshe tena kubomoa mfumo. Hata hivyo orodha ya kuondolewa bado ni kazi yako kuisoma.

Kuna mwalimu kaniuliza asubuhi: tunajuaje kwamba hapo njiani hakuna mtu aliyechezea faili? Swali zuri, na jibu lake litatusaidia baadaye kwenye habari ya bando. Ghala lina orodha kuu iliyotiwa sahihi ya kidijitali. Ndani ya orodha hiyo mna jumla hakiki (checksum), yaani namba zinazokokotolewa kutoka kwenye faili, za orodha nyingine, na ndani ya hizo mna jumla hakiki ya kila pakeji. Funguo za kuthibitisha sahihi zilikuja na mfumo ulipousakinisha. Faili likibadilika hata herufi moja, hesabu inakataa, na apt inagoma. Ndiyo maana ghala la Ubuntu hadi leo linahudumia kwa http ya kawaida bila wasiwasi mkubwa: ulinzi uko kwenye sahihi, hauko kwenye bomba. Shikilieni jambo hilo.

Lakini sitawadanganya kwamba ghala halina dosari. Machi 2024 mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, aliona kuingia kutoka mbali, kwa SSH, kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kama nusu sekunde. Hakupuuza. Alichimba mpaka akakuta mlango wa siri umepachikwa kwenye xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux. Aliyeupachika alijiita Jia Tan, na alikuwa amejijengea imani kwenye mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili. Matoleo mabaya, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yameshaingia kwenye Debian ya majaribio. Hayakufika kwenye Debian imara, na Ubuntu 24.04 ilichelewesha beta yake kwa wiki moja ili kujenga upya pakeji zake. Mimi kwenye kisa hiki najifunza jambo moja la kazi: maabara ya shule ikae kwenye matoleo imara, yenye huduma ya muda mrefu. Mnaotaka toleo jipya la kila kitu, fanyeni hivyo kwenye laptop zenu nyumbani.

Sasa bando. Hapa nitakaa kidogo, maana vitabu vingi vya Linux vimeandikwa na watu ambao intaneti kwao haihesabiwi.

Maabara yenye mashine thelathini ikisasisha kila moja peke yake, unapakua vitu vilevile mara thelathini. Dawa yake ni pakeji iitwayo `apt-cacher-ng`. Chagua mashine moja, hata ile dhaifu, mradi diski yake ina nafasi na haizimwi ovyo. Andika `sudo apt install apt-cacher-ng`. Inaanza yenyewe na kusikiliza kwenye mlango wa mtandao (port) namba 3142. Ipe mashine hiyo anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10. Kwenye kila mashine ya mwanafunzi tengeneza faili dogo ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/`, uliite `00proksi`, na ndani yake uandike mstari mmoja:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Nukta-mkato ya mwisho ni ya lazima. Nimeona mafundi wazima wakihangaika adhuhuri nzima kwa ajili ya kialama hicho.

Kuanzia hapo, mashine ya kwanza ikiomba VLC, seva inaenda kuileta mtandaoni na kubaki na nakala. Ya pili hadi ya thelathini zinachukua nakala hiyo kwenye swichi ya ndani, kwa kasi ambayo wanafunzi watadhani mmenunua faiba. Na hakuna anayekuwa hatarini kwa sababu faili limepitia mkononi mwa seva yako, kwani kila mashine bado inakagua sahihi yenyewe. Ndiyo ile niliyowaambia mshikilie.

Pana kasoro. Mpango huu unahudumia apt peke yake. Snap, pakeji za mtindo mwingine zinazotoka kwenye duka la Ubuntu, hazipiti humo, na kwenye Ubuntu ya sasa kivinjari cha Firefox chenyewe ni Snap. Mint, kwa upande wao, waliizima Snap tangu toleo la 20 mwaka 2020, na Firefox yao inakuja kwa apt. Kwa shule inayohesabu megabaiti, hiyo kwangu inatosha kuwa sababu ya kuchagua Mint. Wenzangu wa Ubuntu mtanisamehe.

Na kama shule haina intaneti kabisa? Kuna `apt-offline`. Inafanya kazi kwa flashi. Kwenye mashine isiyo na mtandao unaamuru itengeneze faili la mahitaji: `sudo apt-offline set mahitaji.sig --update`. Unabeba flashi mpaka mjini, kwenye mashine yenye mtandao na apt-offline, unaandika `apt-offline get mahitaji.sig --bundle mzigo.zip`. Unarudi, `sudo apt-offline install mzigo.zip`. Safari hiyo ya kwanza inaleta orodha mpya tu. Ya pili ndiyo ya pakeji: badala ya `--update` unaandika `--install-packages` na majina yake. Ni mzunguko, sikatai, lakini mwalimu aliye mbali na mnara anafika. Apt-offline yenyewe mtaiweka mara ya kwanza kwa mkono, kutoka kwenye flashi hiyohiyo.

Kwa faili lolote la .deb mlilonalo kwenye flashi, ingia kwenye folda lake uandike `sudo apt install ./jina.deb`. Hiyo nukta na mkwaju mbele ya jina ndiyo inayoiambia apt kwamba faili liko hapa, isiende kulitafuta ghalani. Na faili hilo liwe limetoka kwa mwenye programu mwenyewe, si kwa rafiki wa rafiki.

Umeme. Haya, nilijua mtacheka. Umeme ukikatika katikati ya kuweka programu, mashine ikiwaka apt itakataa kufanya chochote na kulalamika kwamba dpkg, chombo cha ndani ambacho apt inakitumia, ilikatizwa. Usisakinishe mfumo upya! Andika `sudo dpkg --configure -a`, iache imalizie ilipoachia, kisha `sudo apt --fix-broken install`. Mara nyingi yanaisha hapo.

Lipo tatizo jingine linalofanana nalo lakini si lilelile. Mashine imewaka sasa hivi, unaandika amri, inakwambia haikupata kufuli ya `/var/lib/dpkg/lock-frontend`. Mtandaoni utakuta wanaokushauri ufute faili la kufuli. Msifute. Maana yake ni kwamba kuna kazi nyingine ya apt inaendelea, aghalabu mfumo unajisasishia mambo ya usalama wenyewe. Nenda kanywe maji, urudi.

Flatpak na AppImage, njia nyingine za kupakia programu, nitazipitia mbio. Flatpak ni nzuri unapotaka toleo jipya la programu bila kugusa mfumo mzima, na duka lake kubwa ni Flathub. Ila programu yako ya kwanza ya Flatpak itakuja na msingi wake wenye uzito wa mamia ya megabaiti, hata kama yenyewe ni ndogo. AppImage ni faili moja unalolipa ruhusa ya kuendeshwa na kulibofya. Haisasishwi na apt, kwa hiyo utaisahau. Na duka kuwa rasmi hakutoshi: mapema mwaka 2024 mtu mmoja alipoteza bitcoin zaidi ya tisa baada ya kuweka pochi bandia ya Exodus aliyoikuta kwenye duka la Snap. Angalia jina la aliyeichapisha, na kama amethibitishwa.

Sasa programu zenyewe. LibreOffice mnayo tayari. GIMP kwa picha, Inkscape kwa michoro, Audacity kwa sauti, Thonny kwa wanaoanza Python, lugha ya kuandikia programu, Stellarium kwa mwalimu wa jiografia, Timeshift ya kurudisha mfumo nyuma ukiharibika. Zote zimo ghalani, sina haja ya kuzihubiri. Kuna chache ambazo naona hazisemwi vya kutosha.

Ya kwanza ni `hunspell-sw`, kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Ukiiweka, kisha ndani ya LibreOffice ukachagua lugha ya matini kuwa Swahili (Tanzania), ile bahari ya mistari myekundu chini ya kila neno inapungua kabisa. Itakosa maneno kadhaa, hasa vitenzi vyetu vyenye viambishi vingi, lakini makosa ya kuchapa itayakamata. Vijana mjue kazi hii ina historia hapa nyumbani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, babu wa hiyo LibreOffice mnayoitumia.

Ya pili itawafurahisha walimu wenye makabati yaliyojaa mitihani ya zamani. Unaipiga skani, unapata PDF ambayo ni picha tu, huwezi kutafuta neno ndani yake. Andika `sudo apt install ocrmypdf tesseract-ocr-swa`, halafu `ocrmypdf -l swa+eng mtihani.pdf mtihani-mpya.pdf`. Faili jipya linaonekana vilevile, lakini chini ya picha mna maandishi unayoweza kuyatafuta na kuyanakili. Kinachosoma ni Tesseract, iliyoanzia maabara za Hewlett-Packard miaka ya 1980 na ikatolewa huru mwaka 2005. Mwandiko wa mkono haiuwezi, na majedwali huyavuruga. Kwa karatasi iliyochapwa vizuri, itakuokolea likizo nzima.

Ya tatu ni Kiwix. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha ni faili la takribani gigabaiti 100, lakini ya Kiswahili inaenea kwenye flashi ya kawaida. Weka `kiwix-tools` kwenye seva ileile, andika `kiwix-serve --port=8080` na jina la faili, na maabara nzima inasoma Wikipedia kwa kivinjari bila hata chembe ya intaneti.

Halafu kodeki, yaani visomaji vya video na sauti, na fonti. Ukiweka `ubuntu-restricted-extras`, katikati itatokea skrini ya leseni ya fonti za Microsoft, yenye neno OK chini, na kipanya hakifanyi kazi. Bonyeza Tab mpaka OK ibadilike rangi, ndipo Enter. Mkizihitaji hizo fonti ni kwa ajili ya barua za Word zinazotoka wilayani, la sivyo ziacheni.

Na mkikuta maelekezo yanayowataka mnakili mstari unaoanza na `curl` na kuishia na `sudo bash`, jueni mnaombwa kumpa mgeni funguo zote za nyumba. Lifungueni kwanza kwenye kivinjari lile faili linalopakuliwa, mlisome. Msipolielewa, msiliendeshe kwenye mashine ya shule. PPA nazo ni vivyo hivyo: ni repo za watu binafsi, wapo waaminifu, wapo waliochoka na kuiacha bila kuitunza.

Basi. Maswali tutayapokea wakati wa chai, kwa sababu vitendo vinatusubiri. Washeni mashine. Seva iko hapa mbele, anwani yake nimeiandika ubaoni, na faili la `00proksi` kila mtu aliandike mwenyewe, asinakili la jirani. Tutaanza na `apt policy ocrmypdf`, kila mmoja anisomee kwa sauti mstari wa anwani anaouona. Halafu safu ya kwanza ya madawati mtaweka, na mtasubiri, maana nyie ndio mnaotupakulia wote. Mwalimu wa dawati la pembeni, waya wako wa mtandao umechomoka, hebu uangalie hapo chini.